Nimeambiwa nikodi diski ya mtu ili lori langu litembee. Mlio Uingereza, nisaidieni

Kijana wa Likoni (Reading)

Salaam nyote. Niko Reading, na huu ni mwaka wa sita nakusanya mapipa na maboksi ya Wakenya na Watanzania wa huku. Kila baada ya wiki sita hivi napakia kontena la futi 40, linaenda Mombasa. Kazi ninayo, alhamdulillahi, ila gari ndilo limenizidi.

Natumia vani ya tani 3.5, ile yenye boksi kubwa na lifti nyuma. Ikiwa tupu ina zaidi ya tani mbili na nusu, kwa hiyo kinachobaki cha mzigo hakifiki tani moja. Pipa la lita 210 likishajazwa vyombo, sabuni na nguo hucheza kati ya kilo 90 na 120. Nikipakia manane nimefika kikomo. Jumamosi ya Slough, Luton na Milton Keynes narudi yadi mara tatu, mafuta yanaisha na wateja wa mwisho nawafikia saa nne usiku.

Nimepata lori la tani 7.5 la mwaka 2012, mwenyewe anataka pauni 9,500. Linabeba karibu tani tatu. Shida ni leseni ya opereta, yaani kibali cha kuendesha lori kibiashara, ambacho diski yake hubandikwa kwenye kioo cha lori. Kuna bwana mwenye malori yake ameniambia nisihangaike: atanipa diski yake niibandike kwenye kioo, nimlipe pauni 250 kwa mwezi, na nikisimamishwa niseme namfanyia kazi yeye. Mwingine kaniambia nichukue leseni ile ndogo ya mtu anayebeba mali yake mwenyewe, ni rahisi zaidi.

Mimi nilifanya mtihani wa udereva hapa mwaka 2011, leseni yangu ni ya gari dogo tu. Naombeni ushauri wa mtu aliyepitia, nimemuahidi muuzaji jibu Ijumaa.

Bw. Kontena (Luton)

Chukua hiyo diski ndugu yangu, wengi wanafanya hivyo. Ukianza na makaratasi hutaanza kazi mwaka huu. Omba yako polepole huku unaingiza pesa.

Bi Mapipa (Leicester)

Kijana wa Likoni, usiichukue hiyo diski. Na Bw. Kontena, nakuheshimu, lakini ushauri huo ndio niliopewa mimi mwaka 2016, na nitaeleza ulinifikisha wapi.

Nilikuwa na lori la tani 7.5, la kwangu, kadi kwa jina langu. Diski ilikuwa ya bwana mmoja tuliyejuana kwa biashara, nikimlipa kila mwezi kama unavyoambiwa wewe. Miezi mitano hakuna aliyeniuliza neno. Mwezi wa sita dereva wangu alikuwa njiani kwenda Felixstowe na mapipa 19, wakamwelekeza pembeni kwenye ukaguzi wa barabara ya A14. Yule afisa hakuangalia hata matairi kwanza. Alisoma namba ya diski, akaingiza kwenye mashine yake, kisha akamuuliza dereva maswali manne: nani anakulipa mshahara, nani amekutuma leo, mzigo huu wa nani, lori linalala wapi. Dereva alikuwa mtu mkweli, akajibu kila swali kwa jina langu.

Lori lilizuiwa papo hapo. Mjue kwamba hapa Uingereza lori linalofanya kazi bila leseni ya opereta linaweza kukamatwa na lisirudi tena, likauzwa au likasagwa. Mwenye lori ana nafasi ya kuomba arudishiwe, lakini lazima aonyeshe sababu inayokubalika kisheria, kwa mfano kwamba hakujua gari lake linatumiwa hivyo. Mimi nilijua. Ningeandika nini? Sikulipata tena.

Lori ni chuma, nililia likaisha. Kilichonikaa moyoni ni yale mapipa. Yalishushwa kwenye bohari, nikaenda na karatasi za kuthibitisha ni ya nani, pipa moja moja. Yote ya buluu, majina kwa rangi nyeupe: BI ZAINABU KISAUNI, MWALIMU VOI, na moja limeandikwa HARUSI – USIFUNGUE. Lile la harusi lilikuwa na sahani, vikombe na vitambaa vya meza ambavyo mama mmoja hapa Leicester alivinunua kidogo kidogo mwaka mzima kwa ajili ya bintiye. Meli iliondoka bila hilo pipa. Harusi ilifanyika kwa vyombo vya kuazima, na mimi ndiye niliyempigia simu mama wa watu kumwambia.

Sasa nikueleze sheria inasemaje, kwa sababu watu wanaichanganya. Leseni ni ya yule anayeliendesha lori kibiashara, yaani anayemlipa dereva, anayempangia safari na anayewajibika kwa hali ya gari. Haifuati gari wala diski. Haiazimwi, haikodishwi, haiuzwi. Hata ukifungua kampuni kesho, leseni uliyopewa kwa jina lako binafsi haihamii kwenye kampuni, unaomba upya. Huyo bwana akikupa diski yake, kesi ni yenu wawili, na yeye anaweza kupoteza leseni ya malori yake yote. Na ukikodi lori la 7.5 hata kwa siku moja kwa shughuli ya biashara yako, ukaliendesha wewe au dereva wako, leseni inayotakiwa ni ya kwako, si ya kampuni ya kukodisha.

Kuna njia moja halali ya kumtumia huyo bwana: mpe kazi. Aje na lori lake, dereva wake, bima yake, akusanye mapipa Slough na Luton, akuletee ankara. Hapo yeye ndiye opereta kweli. Kabla hujampa, tafuta jina lake kwenye orodha ya maopereta iliyo wazi mtandaoni, ya serikali, uone leseni yake iko hai na ina magari mangapi. Mimi niliishi hivyo karibu mwaka mzima nikijipanga. Faida ilipungua lakini nililala usingizi.

Kuhusu aina ya leseni. Zipo za namna tatu kwa malori ya zaidi ya tani 3.5. Ile ndogo uliyoambiwa ni ya mtu anayebeba mali yake: mwenye duka na mchele wake, fundi na mbao zake. Mapipa si yako, mwanangu. Ni ya Bi Zainabu, na wewe unalipwa kuyabeba. Unahitaji leseni kamili ya ndani ya nchi. Kupeleka mzigo Tilbury au Felixstowe bado ni ndani ya nchi, maana lori lako halipandi meli. Ya tatu ni ya kimataifa, ya lori linalovuka kwenda Ulaya.

Kisha unachotakiwa kuwa nacho. Nitakaa pale nilipoumia.

Pesa. Kwa leseni kamili unaonyesha pauni 8,000 kwa lori la kwanza na 4,500 kwa kila linaloongezeka. Hulipi hizo pesa, unaonyesha kwamba zipo na unaweza kuzifikia, ili gari likiharibika breki usiseme sina. Na hawaangalii salio la siku moja. Wanataka taarifa ya benki ya siku 28 mfululizo, wanapiga wastani. Mimi nilikuwa na 4,600, nikangoja zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu. Mchezo ukatoka katikati ya mwezi, akaunti ikasoma 8,700, nikatuma taarifa nimefurahi. Wastani ukaja 6,650. Ikabidi nianze kuhesabu siku 28 upya, na hizo siku zote nisiguse akaunti hata kwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo usikope pesa ya kuweka na kutoa, haitakusaidia. Kibali cha benki cha kutoa zaidi ya salio kinahesabiwa, ukiwa nacho kwa maandishi.

Mahali pa kulaza lori. Huwezi kuandika anwani ya nyumbani halafu lori lilale mtaani. Unahitaji yadi inayotosha magari yote unayoomba, na kama si yako, barua ya mwenye yadi. Mimi nilipata kona kwenye shamba nje ya mji. Kisha unatangaza kwenye gazeti la eneo hilo, tangazo litoke ndani ya siku 21 kabla ya ombi au siku 21 baada yake. Nililipa karibu pauni 300, na kwenye tangazo tukakosea herufi moja ya msimbo wa posta. Likakataliwa, nikalipa tena. Soma lile tangazo herufi kwa herufi na ombi lako likiwa pembeni.

Tangazo ni kwa ajili ya majirani. Wana siku 21 za kupinga. Mzee mmoja aliye mkabala na shamba alipinga kwa sababu ya ile kengele ya lori likirudi nyuma alfajiri. Nilikwenda kumbishia hodi. Tukazungumza, akaonyesha dirisha la chumba cha mkewe, alikuwa mgonjwa. Leseni yangu ikatoka na sharti: hakuna lori kuondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimelishika hadi leo.

Meneja wa usafiri. Leseni kamili haitoki bila mtu mwenye cheti cha umahiri, na lazima asimamie kweli, si jina tu. Waweza kumwajiri wa nje. Huyo haruhusiwi kuzidi maopereta wanne na magari 50 kwa jumla. Nilimlipa mmoja pauni 350 kwa mwezi mwaka wa kwanza huku nasoma mwenyewe. Mtihani una sehemu mbili, ya kuchagua majibu na ya kisa unachochambua. Ya pili niliirudia. Sasa meneja ni mimi.

Na sifa njema. Mimi nilikuwa na lile doa la A14. Niliitwa mbele ya Kamishna wa Usafiri, ndiye anayetoa leseni hizi, nikaulizwa wazi. Nilisema kila kitu, pamoja na kiasi nilichokuwa nikilipa. Nilipewa gari moja tu kwa kuanzia. Leo nina matatu.

Ada: pauni 257 ukiomba, hairudi hata ukikataliwa, na 401 kabla leseni haijatoka. Baada ya hapo 401 kila miaka mitano. Ukihitaji kuanza mapema unaomba leseni ya muda, pauni 68, lakini hiyo nayo usiitegemee kama faili lako lina mapengo. Usinunue lori Ijumaa. Litalala tu uani likila bima.

Fundi wa Coventry

Bi Mapipa amesema. Mimi niongeze la upande wangu, maana natengeneza malori na naona watu wanapata leseni kisha wanaipoteza kwa sababu ya daftari.

Ukisaini ombi, unaahidi kwamba gari litakaguliwa kwa vipindi ulivyoandika. Kwa lori la umri huo mimi ningeandika kila wiki sita. Sita ni sita, haiwi saba kwa sababu ya kontena. Breki zipimwe kwa mashine, si kwa kukanyaga uwanjani. Karatasi zote, za ukaguzi na za matengenezo, zikae miezi 15.

Halafu kila asubuhi dereva anazunguka gari kabla ya kuanza safari. Hapa ndipo nataka mtu asimame na mimi kwenye gurudumu la mbele. Angalia nati. Ukiona mstari wa kutu mwekundu unashuka kutoka kwenye nati kama machozi, hiyo nati inacheza. Ukiona rangi yake inang'aa upande mmoja, inacheza. Wengi wanaweka vile vialama vya plastiki vya njano vinavyotazamana kila viwili. Kimoja kikigeuka unajua. Nimeshaona gurudumu lililotoka likavuka barabara. Ni dakika kumi na tano za kuzunguka gari, na hata kama hakuna kasoro dereva anaandika kwamba hakuna kasoro, anasaini.

Lori la 2012: soma tarehe ya matairi ya mbele, imechorwa ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Tangu Februari 2021 tairi lililozidi miaka 10 haliruhusiwi kwenye ekseli ya mbele ya lori. Na kama unaingia London, uliza injini yake ni ya kiwango gani cha usafi wa moshi, kile kinachoitwa Euro. Lori la Euro 4 au Euro 5 hutozwa pauni 100 kwa siku ndani ya eneo la London la kupunguza moshi, na mengi ya 2012 ni Euro 5. Slough uko nje, lakini ukiwa na mteja Wembley au East Ham umeingia. Hesabu hiyo kabla ya kutoa 9,500.

Mtoto wa Bukavu (London)

Mie niseme juu ya vani, maana wengine wanadhani vani haina habari. Nilikuwa nabeba mizigo ya watu Bruxelles kwenda London na kurudi, kwa vani ya tani 3.5, kwa malipo. Tangu Mei 2022, vani ya zaidi ya tani 2.5 inayovuka kwenda Ulaya kubeba mzigo wa watu kwa malipo inataka leseni ya kimataifa pia. Pesa za kuonyesha ni ndogo, 1,600 ya kwanza na 800 ya kila moja baadaye, na meneja wa usafiri anatakiwa vilevile. Ndani ya Uingereza tu vani hiyo haihitaji. Ila ukiifungia trela nyuma, uzito wa viwili huhesabiwa pamoja, angalia usivuke 3.5 bila kujua.

Kijana wa Likoni (Reading)

Shikamoo Bi Mapipa, na asanteni wote. Nimesoma mara mbili. Nimempigia yule bwana nikamwambia diski sitaki, ila kama yuko tayari aje na dereva wake nimlipe kwa safari. Amesema atafikiria. Muuzaji wa lori nimemwambia sinunui sasa, na kweli nilipouliza, injini ni Euro 5.

Bado nina maswali mawili. Moja, udereva: naweza kuendesha mwenyewe hilo la 7.5 leseni ikitoka? Mzee wangu mmoja hapa anaendesha kwa leseni ya gari dogo na hasumbuliwi. Pili, yadi. Napopakia kontena kuna nafasi, mwenyewe ananiruhusu kuegesha vani kwa mdomo tu. Inatosha?

Bi Mapipa (Leicester)

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri, na huyo bwana akikataa kuja na dereva wake, mtafute mwingine kwenye ile orodha.

Mzee wako pengine alifaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997. Waliofaulu kabla ya hapo walipewa daraja la C1 pamoja na la gari, hadi tani 7.5. Wewe wa 2011 hukupewa. Utapimwa afya na daktari, uchukue leseni ya mwanafunzi ya C1, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, na cheti cha dereva wa kazi, ambacho kinakutaka mafunzo ya saa 35 kila miaka mitano. Utahitaji pia kadi ya takografu, kile chombo cha ndani ya lori kinachorekodi saa za kuendesha. Zoea hesabu yake mapema: saa nne na nusu za kuendesha, kisha mapumziko ya dakika 45. Kwa siku ni saa tisa za usukani, kumi mara mbili tu kwa wiki. Ile Jumamosi yako ya saa nne usiku itabidi uipange upya, lori litaandika kila dakika, na kadi yako unaipakua ndani ya kila siku 28.

Anza na hilo la udereva sasa hivi, kwa sababu foleni ya mitihani ni ndefu na halihitaji lori wala yadi.

Ruhusa ya mdomo haitoshi. Mwambie akuandikie anwani kamili na msimbo wa posta, idadi ya malori, na kwamba anakuruhusu kuyalaza hapo kama kituo cha opereta. Muulize pia, kwa upole, kama kuna opereta mwingine aliyeandikisha uwanja huo huo, maana nafasi ikishahesabiwa kwa malori ya mwenzako haihesabiwi tena kwa lako. Pima kwa hatua: lori liingie, ligeuke, litoke kwa mbele. Lisipoweza kugeuka ndani, majirani watalisikia likirudi nyuma barabarani kila siku na watakuandikia.

Barua ikitoka nitumie nakala pamoja na maneno ya tangazo kabla hujalipa gazeti. Nitakusomea ule msimbo wa posta mwenyewe.